Mzigo Uliotoka Kwa Chitambo

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofunga safari kuja kuwashuhudia watoto wenu, na ninyi wahitimu wetu wa kidato cha sita: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya shida na hatari, na namna zinavyomdhihirisha mtu na kumjenga. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiingia katika jambo hili kwa mlango wa historia, tena historia iliyofikia mwisho wake hapa hapa Bagamoyo, katika misheni ya zamani ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Mwezi Februari mwaka 1874 uliingia pale msafara wa watu waliochoka, wakiwa na mzigo mmoja uliofungwa kama robota la nguo, na ndani ya mzigo huo ulikuwamo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, aliyefariki miezi tisa nyuma yake huko kusini mwa ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Jina la Livingstone mnalijua wote. Ni wachache mno, na nalisema hili kwa uchungu wa mwalimu, wanaoweza kunitajia majina matatu tu ya watu waliombeba. Nataka asubuhi ya leo iwe yao: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright, Farijala, Halima aliyekuwa mpishi, na wenzao wapatao 60, wanaume kwa wanawake, waliotembea zaidi ya kilomita 1,600 wakiwa na maiti ya mtu ambaye hakuwa tena na uwezo wa kuwaamuru wala kuwalipa.

Tuanze pale kijijini kwa Chitambo, alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873. Livingstone alikuwa mgonjwa wa kuharisha damu, na kwa siku za mwisho watu wake walikuwa wakimbeba juu ya kitanda katikati ya mvua, matope na maji ya vinamasi. Walikuwa wamemjengea kibanda. Mvulana Majwara, aliyekuwa akilala ndani humo kumhudumia, alitoka kwa hofu kwenda kumwamsha Susi, na Susi akawaita Chuma na wengine. Walipochungulia waliona mshumaa umegandishwa kwa nta yake juu ya kasha, mwanga wake bado unatosha kuonyesha kitu, na mzee amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake umezama katika viganja juu ya mto. Walidhani anasali, wakasita. Kisha mmoja wao akamsogelea, akamgusa shavu, akalikuta limekwisha kupoa.

Sasa ninyi wahitimu, jiwekeni mahali pao. Mko katikati ya bara, mbali na pwani kwa miezi mingi ya mwendo. Aliyewaajiri amekufa. Mko katika ardhi ya watu msiowajua, na mnajua kwamba maiti ya mgeni yaweza kuwafanya mtozwe hongo kubwa, yaani ushuru wa kupita, au kuwaletea jambo baya zaidi, kwa kuwa kubeba mfu kupita katika vijiji vya watu kulihesabiwa kuwa ni kuwapelekea balaa. Njia nyepesi ilikuwa wazi mbele yao, nayo haikuwa na aibu yoyote: kuchimba kaburi, kusoma sala, na kurudi nyumbani wakiwa wepesi. Hapana mtu hata mmoja duniani ambaye angewalaumu.

Hawakuifuata njia hiyo. Walikutana wote, wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio wazee wa safari na wazee wa shida, kwa hiyo wawe viongozi na wengine watawatii. Kisha wakayafungua makasha ya marehemu mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya Nashik huko India, akaandika katika daftari kila kilichokuwamo, ili lisije likazuka neno la wizi na ili amana iwe juu ya shingo za wote. Kila ninapoisoma habari hii, mimi husimama hapo kwenye daftari. Watu waliofiwa, wenye njaa, porini, wanakumbuka kuandika hesabu ya mali isiyokuwa yao.

Mwanzoni walijaribu kumficha Chitambo kifo hicho, lakini habari zilimfikia. Mzee yule aliwauliza kwa nini hawakumwambia ukweli, akawatoa hofu, akaja na watu wake kuomboleza pamoja nao kwa ngoma kama desturi yao ilivyodai. Walijenga boma la miti nje ya kijiji, lisilo na paa. Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar na kuona mwili wa mtu ukipasuliwa, ndiye aliyeifanya kazi ambayo wengine hawakuiweza: alitoa moyo na matumbo, vikafukiwa ndani ya kopo la bati chini ya mti mkubwa, naye Jacob akasoma sala za maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaachwa juani siku 14, ukigeuzwa kila siku. Ulipokauka waliufunga kwa nguo, wakauweka ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama kilindo kikubwa, wakashona turubai juu yake, wakafunga mti wa kuchukulia mabegani. Jacob alichonga maandishi kwenye ule mti wa kaburi, na safari ikaanza.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu tukiendelea mbio tutakosa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha yote.

Tunapenda kusema kwamba shida humfunua mtu, kana kwamba ndani ya kila mmoja wetu kuna kitu kilichokamilika tangu zamani, ama dhahabu ama bati, kinachosubiri tu moto uje ukionyeshe. Waswahili wana methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na watu huifasiri hivyo hivyo, kwamba siku ya dhiki utajua nani ni nani, na aliyekukimbia siku hiyo umfute katika daftari lako. Mimi naiheshimu methali hiyo, lakini habari za Susi na Chuma hazikubaliani na tafsiri hiyo.

Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, alikuwa na kundi la watu wa kila namna: askari kutoka India, watu wa Anjouan katika visiwa vya Komoro, vijana waliosomeshwa Nashik, na pamoja nao Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Hazikupita hata miezi mingi kundi likaanza kupukutika. Watu wa Anjouan, waliposikia habari za Wangoni mbele yao, waligeuza njia mwezi Septemba 1866, na walipofika Zanzibar wakasema kwamba bwana wao ameuawa. Ikabidi wapelekwe watu mwaka 1867 kuutafuta ukweli, na ukweli ukaonekana kwamba alikuwa hai.

Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba Susi na Chuma ni kinyume cha wale watoro. Siyo hivyo. Mwezi Aprili 1868, Livingstone alipotaka kwenda kusini kulitafuta ziwa Bangweulu, karibu watu wote waliobaki walikataa kumfuata, akaondoka na watano tu. Miongoni mwa waliokataa walikuwamo Susi na Chuma. Walimwacha mzee aliyekwisha kudhoofika aingie vinamasini bila wao. Na Livingstone mwenyewe, ambaye kwa mengine alikuwa mtu mgumu wa kusamehe, aliandika katika shajara yake kwamba moyoni hakuwalaumu sana, kwa kuwa walikuwa wamechoka kutembea, na yeye pia alikuwa amechoka. Aliporudi mwezi Novemba aliwapokea tena.

Basi, wahitimu wangu, kama tungeipima tabia ya Susi na Chuma kwa siku ile ya Aprili 1868, tungewaandika katika ukurasa wa watoro na kufunga kitabu. Miaka mitano baadaye watu wale wale ndio walioinua gome lile begani. Nini kilichotokea katikati? Hapakuwa na muujiza wala hotuba. Ilikuwa miaka mitano ya njaa, homa, miguu iliyojaa vidonda, kusubiri Ujiji na Unyanyembe posho na mizigo isiyofika, na kila asubuhi kuamua upya kama watafunga mizigo au hawatafunga. Katika maamuzi hayo madogo, ambayo hakuna aliyeyaandika, ndimo walimokuwa watu ambao wenzao 60 waliwaita wazee wa shida. Ugumu haukuwakuta wakiwa tayari; uliwatengeneza polepole, na sehemu ya matengenezo hayo ilikuwa ni kushindwa kwao.

Nalisema hili nikiwatazama ninyi hasa ambao mwaka jana au mwaka juzi mlifanya jambo mnalolionea haya. Wapo walioacha shule muhula mzima kabla ya kurudi. Nimekaa nanyi ofisini, nazijua sura zenu, na majina yenu yatabaki kwangu.

Turudi njiani. Siku chache tu baada ya kuondoka kwa Chitambo, maradhi yaliukamata msafara, karibu nusu yao wakashindwa kutembea, na wakalazimika kulala mahali pamoja karibu mwezi mzima. Wanawake wawili walifariki. Walipopata nafuu walivuka mto Luapula kwa mitumbwi, na upande wa pili simba akawaulia punda wao. Katika kijiji kimoja kilichozungukwa na boma, ambako pombe ilikuwa imenywewa, ugomvi ulizuka hadi kufikia mishale na bunduki, na watu wa msafara wakakiteka kijiji na kuchoma nyumba za watu, si za kijiji hicho peke yake. Sitalipita jambo hili kimya kimya, kwa sababu nikilificha nitakuwa ninawapa sanamu badala ya binadamu. Waliogopa, walikasirika, walidhulumu. Mtu anaweza kuwa amebeba amana kwa uaminifu begani na bado mkono wake ukatenda ubaya njiani, na ubaya huo haufutwi na uaminifu ule.

Mwezi Oktoba 1873 Chuma alitangulia na wenzake wachache hadi Unyanyembe, karibu na Tabora, akiwa na barua iliyoandikwa na Jacob. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kumsaidia Livingstone, naye aliwashauri wamzike pale pale, kwa kuwa njia ya kuelekea pwani ilikuwa ya hatari. Tafakarini uzito wa ushauri huo. Kwa miezi mitano walikuwa peke yao, na sasa amekuja ofisa wa taifa la marehemu, mwenye haki ya kusema, anawaambia kwamba wamefanya vya kutosha. Aliyekuwa akitafuta kisingizio cha heshima cha kuutua mzigo alipewa siku ile. Walimsikiliza, wakakataa kwa adabu, wakaendelea.

Huko Kasekera wenyeji walikataza kabisa maiti isipite. Msafara ukatumia akili mahali ambapo nguvu zisingefaa, na nadhani walikuwa wamejifunza kitu kutokana na kile kijiji walichokichoma. Usiku waliutoa mwili katika gome na kuufunga upya uonekane kama robota la kawaida la nguo za biashara. Kisha wakakusanya mabua ya mtama, wakayazungushia nguo hadi yakapata umbo la mtu aliyekufa, na watu sita wakaondoka nayo kwa heshima zote za maziko kurudi upande wa Unyanyembe, kana kwamba wameshindwa na wanakwenda kumzika huko. Giza lilipoingia wakaanza kuyatoa mabua moja moja na kuyatupa porini, huku na huku, ili asiwepo wa kuyaokota na kuunganisha habari, kisha wakarudi kwa wenzao mmoja mmoja kwa njia za pembeni. Tangu hapo hapakuwa tena na maiti machoni pa watu. Palikuwa na wapagazi na mizigo yao.

Katika sehemu ile ya mwisho ya safari, wanawake walipokuwa wakitembea katika mstari wao, msichana mdogo aitwaye Losi, wa miaka 10, akiwa na mtungi wa maji kichwani, aligongwa pajani na nyoka aliyechomoka kando ya njia. Alifariki katika muda wa dakika chache. Walimzika na kuendelea. Sijui kusema lolote juu ya mtoto huyu litakalotosha. Nimemtaja ili leo, katika mji ambao hakuufikia, jina lake litamkwe mbele ya wasichana wa shule.

Najua yupo kati yenu mwenye swali, tena ni swali la haki: kwa nini tuwasifu Waafrika kwa kubeba maiti ya mzungu, ambaye nyuma yake zilikuja bendera na mizinga ya kututawala? Mimi nimejiuliza hivyo tangu nikiwa mwanafunzi. Jibu langu ni kwamba kitendo hiki kilikuwa chao. Hakuna mzungu aliyekiamuru, na wa kwanza waliyekutana naye alikipinga. Tena sidhani kwamba nia zao zilikuwa za upendo mtupu. Naamini waliukumbuka vizuri uongo wa mwaka 1866, wakajua kwamba msafara utakaofika pwani bila bwana wake na bila ushahidi utaitwa msafara wa watoro au wa wauaji. Walilinda majina yao na ujira wao. Lakini ushahidi ungeweza kuwa shajara zake, kofia yake, vyombo vyake vya kupimia, na vyote hivyo walikuwa navyo. Kutoka hapo hadi kuubeba mwili wake kwa miezi tisa kuna umbali mkubwa, na umbali huo ni wao wenyewe walioamua kuutembea.

Walipofika hapa Bagamoyo mwili ulipokewa, ukapakiwa katika manowari ya Uingereza kwenda Zanzibar na kuendelea Ulaya. Wao wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa waende. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza, akawa mmoja wa walioshika sanda ya jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Madaktari walikwisha kuthibitisha maiti ni ya nani kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa nauli iliyolipwa na rafiki wa marehemu, wakawasaidia wenye kuzihariri shajara zake kuelewa majina ya watu na mahali. Medali 60 zilitengenezwa kwa ajili ya wapagazi, lakini zilipokuwa tayari wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika kila mtu na njia yake, wasipatikane.

Nataka nimalizie na Chuma. Alirudi Zanzibar, akaendelea na kazi ya misafara. Mwezi Mei 1879 aliondoka Dar es Salaam akiwa mkuu wa wapagazi wapatao 150 wa msafara wa Keith Johnston, aliyekuwa akienda ziwa Nyasa. Wiki chache baadaye, huko Behobeho, ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, Johnston aliugua kuharisha damu, akabebwa kwenye machela, akafa. Aliyebaki kuwa kiongozi ni Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21, ambaye alikuwa hajawahi kuongoza msafara. Kwa mara ya pili katika maisha yake Chuma alisimama porini juu ya maiti ya mwenye safari, ugonjwa ukiwa ule ule, wapagazi wakimwangalia yeye. Johnston alizikwa pale Behobeho chini ya mti. Msafara haukurudi Dar es Salaam. Chuma aliupanga, na kijana Thomson akiwa mbele na yeye kando yake, ukaenda hadi Nyasa, ukaenda hadi Tanganyika, na mwaka 1880 akawarudisha watu pwani.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.